Futi Sita na Kuku Wake Wazito

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, seremala mmoja mfupi mwenye mvi amekaa kwenye kigoda katikati ya banda, amempakata jogoo wa kilo tano na ushei. Jogoo kalazwa chali, mabawa yamebanwa kwa kiwiko, miguu iko hewani. Ni jogoo wa aina ya Brahma, mwenye manyoya mpaka vidoleni, utadhani kavaa soksi.

Seremala anayapekua manyoya hayo taratibu, kidole baada ya kidole. Anaupangusa unyayo kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu, kisha anauminya katikati kwa kidole gumba.

"Akistuka, kuna kidonda kinaanza. Asipostuka, mzima," anasema. "Huyu mzima. Haya Meneja, teremka."

Meneja hateremki. Anatulia mapajani kama mtu aliyelipa nauli ya kwenda mbali, mpaka anasukumwa. Seremala anacheka peke yake, anajipangusa magoti, anamwita anayefuata.

Wako kumi na mmoja: majogoo wawili na mitetea tisa. Kuwakagua wote nyayo humchukua saa nzima, na anaifanya kazi hiyo kila siku inayokucha. Daktari wa mifugo alimwambia mara moja kwa wiki inatosha.

"Najua inatosha," anasema. "Lakini zile siku sita nyingine, asubuhi zake nazipeleka wapi?"

Mtaani humwita Futi Sita, ingawa mwenyewe hafiki futi tano na nusu hata akivaa viatu vya mvua. Jina limetokana na vitanda. Kwa miaka thelathini na minane amekuwa fundi vitanda, na mteja akiagiza kitanda cha futi tano yeye humshawishi achukue cha sita, kwa hoja kwamba watu hugombana vitandani kwa kubanana tu.

Zamani alitoa vitanda vinne kwa mwezi. Siku hizi watu hununua vya chuma vilivyo tayari, vinavyofungwa kwa bisibisi, na Futi Sita akipata oda moja kwa miezi miwili anashukuru. Mfuko wa chakula cha kuku wa kilo hamsini unaisha kwa mwezi mmoja. Kwa hiyo kitanda kimoja kinawalisha kuku, na chenji inamlisha fundi.

Ana umri wa miaka sitini na saba. Mkewe alifariki miaka minne iliyopita. Binti yao wa pekee ni mwalimu katika jiji lililo mwendo wa saa nane kwa basi, anakaa ghorofa ya nne. Nyumba ya Futi Sita ina vyumba vitatu na sebule, na kila chumba kina kitanda kizuri ajabu ambacho hakuna anayekilalia.

"Miaka yote hiyo nimewalaza watu," anasema. "Sasa nalala mimi tu."

Wazo la kuku lilimjia mwaka wa tatu baada ya msiba. Mkewe alikuwa na kuku wadogo wa kawaida, wale wepesi, ambao jioni walikuwa wakiruka juu ya paa la jiko na kulala huko huko. Futi Sita hakuwahi kuwashughulikia. Alichojua kuhusu kuku ni hicho tu, kwamba kuku hulala juu.

Alipopewa picha ya kuku hawa wakubwa na mteja mmoja, alipagawa. Alinunua vifaranga kumi na wanne kwa pesa ya kitanda cha mwisho cha mwaka, akaingia karakana na kuanza kujenga. Na kwa kuwa kazi anayoijua ni moja, aliwajengea kitanda.

Kilikuwa kitanda cha ghorofa tatu. Fito za kulalia alizichonga zikawa duara, nyembamba kama mpini wa ufagio, akazipiga msasa mpaka zikang'aa. Ghorofa ya juu kabisa aliiweka, kama ilivyotarajiwa na mtaa mzima, futi sita kutoka sakafuni. Sakafu ilikuwa saruji tupu, inafagiliwa kutwa mara mbili.

Jirani wa mbele, mama anayeuza vipuri vya baiskeli, anakikumbuka vizuri kitanda hicho. "Nilimwambia, mzee wangu, hao kuku wako wanalala pazuri kuliko mimi," anasema. "Nikamwuliza kama anapokea oda, maana cha kwangu kinapiga kelele. Akakasirika siku mbili."

Vifaranga walikua. Walipokuwa wepesi walipanda na kushuka bila taabu. Walipofika miezi mitano, kila mmoja alikuwa mzito kama mtoto mchanga, na bado walikuwa wakijivuta mpaka juu kabisa, maana kuku akishazoea kitanda chake hakihami. Kupanda walipanda. Tatizo lilikuwa kushuka.

Futi Sita anainuka. Anachukua ufagio, anaurudisha pale pale ulipokuwa.

"Alfajiri nilikuwa nimelala chumbani, nawasikia wanavyoruka kutoka juu. Pu! Kimya. Pu! Kimya. Pu!" anasema. "Nikawa nafurahi, wallahi. Najiambia, haya, watu wa nyumba hii wameamka. Ilikuwa imepita miaka sijasikia mtu mwingine anaamka humu. Nikawa nabaki kitandani makusudi ili niwasikilize."

Kila "pu" ilikuwa kilo tatu au nne zikitua kwenye saruji kutoka urefu wa mtu. Nyayo zilichubuka, zikavimba, zikatunga usaha. Kwa kuku wengine mtu angeliona jambo hilo mapema. Hawa wana manyoya mpaka kwenye kucha, na vidonda vilijificha humo wiki nyingi, mpaka jogoo mkubwa alipogoma kusimama.

Daktari wa mifugo, dada mmoja anayezunguka kwa pikipiki, alifika na kukiangalia kwanza kitanda kabla ya kuangalia kuku.

"Aliniuliza nani amejenga. Nikajibu kwa majivuno kabisa, mimi," anasimulia Futi Sita. "Akaniambia, mzee, hawa si njiwa. Umewapangisha ghorofani watu wasiojua ngazi."

Anacheka akisimulia, lakini siku ile hakucheka. Aliwapasua majipu pamoja na daktari, akawafunga bendeji, akawapaka dawa asubuhi na jioni. Haikusaidia sana. Wakafa tisa. Watano waliobaki aliwagawa, kwa sababu alishindwa kuwaangalia wakichechemea.

"Roho iliniuma kuliko ninavyoweza kusema," anasema. "Si kwa sababu ya hasara. Mimi ndiye niliyewavunja, tena nikiwa nafurahia sauti ya kuanguka kwao."

Baada ya hapo Futi Sita hakuwa na hamu ya kitu. Karakana ilifungwa. Alikuwa akila mkate na chai, siku nyingine chai peke yake. Jirani wa vipuri alipoona siku tatu mlango haufunguliwi mpaka mchana, akampigia simu binti. Binti aliomba ruhusa kazini, akapanda basi, akakaa wiki nzima akimpikia baba yake, na siku ya mwisho akamwambia afungashe.

Futi Sita alimwomba jambo moja. Ampe nafasi ya kundi moja tu.

Wakapatana. Kundi hilo likikua bila kuumia miguu na likaanza kutaga, baba anabaki nyumbani kwake na habari ya kuhama haitajwi tena. Likifika miezi saba halijataga, au likianza kuchechemea, baba anauza kuku, anafunga nyumba, anahamia ghorofa ya nne. Binti ni mwalimu. Alimwandikisha, kisha akamtaka atie sahihi.

Hiyo ilikuwa miezi saba iliyopita, kasoro siku tatu. Makala haya yanaandikwa Jumatano. Jumamosi binti anakuja na gari dogo la mizigo alilolikodi.

Banda la sasa halina ghorofa. Mbao za kulalia ni bapa, pana inchi nne, na ziko shubiri moja na nusu tu kutoka chini, kuku anashuka kama mtu anayeshuka kizingiti. Mlango ni mpana, toroli linapita, kwa sababu kuku hawa wakigombania mlango mwembamba huumizana. Viota vimewekwa sakafuni kabisa.

Saruji haionekani tena. Imefunikwa na maranda makavu ya mbao isiyopakwa dawa, kina cha kiganja kizima, na kila siku anayapindua kwa reki ili yasilowe. Oda za vitanda zikikosekana, maranda nayo hukosekana. Kuna siku anachukua ubao usio na mteja na kuupiga randa kutwa nzima mpaka unabaki kama rula.

"Mke wangu angenicheka," anasema. "Angesema, umeharibu ubao mzima kuwatandikia kuku. Ningemjibu, si afadhali wapo wa kuwatandikia?"

Anapoulizwa kwa nini hataki kuhamia kwa binti yake, anajibu haraka, kama mtu aliyejizoeza. Kule hakuna ua. Kule hakuna pa kuweka randa. Kule atakaa kwenye kochi akingoja watu warudi kutoka kazini, na wakirudi wamechoka, atakuwa akiwasumbua kwa maswali.

"Humu niko peke yangu, nakubali. Lakini peke yangu na kazi," anasema. "Kule nitakuwa peke yangu mchana na mgeni jioni."

Anaongeza kwa sauti ya chini. "Lakini nimemkumbuka. Miezi saba sijamwona. Tunaongea kwenye simu kila siku, si kwamba amenitupa, la. Simu haina mtu ndani."

Ni wakati huo ambapo kelele zinatoka upande wa viota. Mtetea mmoja mweusi, ambaye Futi Sita humwita Mama Mkwe kwa sababu haridhiki na chochote, anatoka kiotani huku akikokoreka banda zima lisikie. Majogoo wote wawili wanamwitikia kwa zile sauti zao nzito za besi.

Futi Sita anayaacha mazungumzo hapo hapo. Anakwenda taratibu, kama anayeogopa kumwamsha mtu, anapiga magoti na kuingiza mkono kwenye maranda.

Linatoka yai. Ni dogo kwa mwili wa mama yake, la rangi ya chai ya maziwa, lina uzi mwembamba wa damu upande mmoja kama ilivyo kwa yai la kwanza. Bado lina joto.

Hapigi kelele, haruki. Anabaki amepiga magoti na yai kiganjani. Mwandishi anampongeza, naye anaitikia kwa kichwa, lakini uso wake hauna furaha iliyotarajiwa. Amelingoja yai hilo kwa miezi, na sasa anaonekana kama mtu aliyeletewa mzigo kabla hajaandaa pa kuuweka.

"Basi nimeshinda," anasema mwishowe. "Nabaki."

Saa mbili kasorobo simu inaita. Ni binti, ambaye hupiga kila asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza. Kwa kuwa masikio ya fundi yamechoshwa na misumeno, simu yake husikika banda zima.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba mama. Umeamkaje?"

"Salama. Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Chai."

"Baba, chai si chakula." Nyuma yake watoto wanasikika wakipiga makelele. "Haya, niambie. Wametaga? Maana yule wa gari anataka uhakika leo. Kama wametaga nisijisumbue, nimwambie asije, na mimi niiahirishe ile ruhusa mpaka mwezi wa kumi na mbili."

Futi Sita analitazama yai. Anamtazama Mama Mkwe, ambaye bado analalamika. Anamtazama mwandishi, kisha anageukia ukuta.

"Bado, mama," anasema. "Hawajataga. We njoo tu."

"Pole, baba. Pole sana. Usihuzunike, eh? Tutaishi vizuri tu."

"Sihuzuniki. Njoo na gari lako. Ukifika utanikuta."

Simu inakatika. Anarudi kukaa kwenye kigoda. Meneja anamsogelea na kuanza kujipandisha mapajani, naye anamwacha apande.

"Nitamwambia," anasema, kana kwamba ameulizwa. "Nitamwambia akishakula. Sitaki kumdanganya mwanangu. Atakuta mayai matatu au manne, atanifokea, haki yake. Yule wa gari nitamlipa kwa usumbufu, hata kama ni kumtengenezea stuli."

Mpango wake anao kichwani tayari. Ijumaa atatoa godoro la chumba cha katikati lipigwe jua. Atamwomba jirani wa vipuri amsaidie kupika, maana chai si chakula. Jumamosi jioni atamwonyesha binti namna ya kumpakata kuku na kumkagua nyayo, mmoja mmoja, wote kumi na mmoja. Kazi hiyo haiishi upesi mtu akiwa bado anajifunza.

Mwandishi anafunga daftari. Futi Sita anamsindikiza mpaka barabarani, yai likiwa bado mkononi, na hapo ndipo swali linapomjia ghafla na kumtia wasiwasi.

"Hii habari yangu inatoka lini gazetini?"

Anaambiwa Jumapili.

Anapiga hesabu kimoyomoyo, kisha uso unamkunjuka.

"Jumapili hakuna neno," anasema. "Jumapili atakuwa hapa."