Barza ya Mgiriki

Enzi zetu hakuna aliyeuliza jina la barabara. Wabelgiji waliyabandika majina yao kwenye nguzo, wakaja wengine wakayabandua na kubandika yao, na sisi hatukuhangaika nayo. Ukitumwa mjini uliambiwa uache lile dohani refu la kiwanda cha shaba mgongoni, uende mpaka dukani kwa Mgiriki, kisha ukunje kona. Na ulifika. Vijana wa leo hata jiko la mama yao wanalitafuta kwenye simu, halafu wanasema sisi ndio tumepitwa na wakati.

Baba yetu alifanya kazi kwa Mgiriki. Hakuwa na duka, alikuwa na cherehani tu, na Mgiriki alimwachia kona ya barza, ule ukumbi wa mbele wenye kivuli ambao majengo ya mjini yote yalikuwa nao. Nakumbuka harufu ya mafuta ya mashine ikichanganyika na ya samaki wa chumvi kutoka dukani. Sisi watoto tulikaa chini ya meza tukitafuna karanga, na vibiringo vya uzi uliokwisha tulivifanya magurudumu ya motokari zetu za waya. Mvua ikianza, barza ilijaa wanafunzi, wauza makaa, wagonjwa waliotoka hospitali, na kichaa mmoja aliyeimba zaburi. Hakuna aliyefukuzwa. Baba alikuwa akisema, "Nyumba iko na mwenyewe, lakini barza iko ya bantu yote."

Alikufa nikiwa bado mdogo sana. Picha yake ya pekee ililiwa na mchwa ukutani, na fremu yake. Mikono yake naikumbuka, uso hapana, na jambo hilo limeniuma maisha yangu yote. Kwa hiyo nilipoingizwa kwenye kundi la WhatsApp la wanaotambua majengo ya zamani ya Lubumbashi kwa picha na ramani za kale, wenzangu walitafuta majengo. Mimi nilikuwa namtafuta mtu.

Mwezi uliopita ikatumwa picha ya jengo la kona lenye matao matatu. Chini ya tao la mwisho ameketi fundi cherehani, ameinua uso, anaonekana vizuri kabisa. Niliukodolea uso ule mpaka macho yakauma. Kisha nikaandika: "Hapa si kwa Mgiriki. Kwa Mgiriki hakuna matao." Nilikuwa na hakika, maana kwa Mgiriki bado papo, ukuta bapa, na wanangu nimewaonyesha mara nyingi kwamba babu yao alishonea pale. Vijana wa kundi wakaniwekea vidole gumba, wakaendelea na picha nyingine.

Jumapili nilimsimulia dada yangu mkubwa, yaya Astrida, ambaye ugonjwa wa sukari umemfunga macho. Alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, mikono ikasimama.

"Cheminée iko wapi mu ile photo?"

"Dohani liko kuume, juu ya paa."

"Eh, weye! Njo kwa Mugreki ya kwanza ile! Ba serikali balimunyanganya magazini, duka yake, wakati ya Zaïre. Kisha akarudia, akafungula ingine ng'ambo ya avenue, na bantu bakahama na jina. Papa alikuwa amekwisha kufa."

Nikafungua ramani ya zamani. Dohani kuume, kona ya barabara mbili: ng'ambo ya duka la sasa tu ndiyo inayolingana na picha. Yaya akaniomba nimweleze uso. Nikamwambia paji pana, nyusi zinakutana, midomo imebana pini.

"Njo yeye," akasema, akaanza kulia.

Nilikuwa nimemtazama baba yangu usoni, nikawaambia watu si yeye.

Kesho yake nilikwenda kwenye kona ile. Matao yalishabomolewa. Miaka ya nyuma niliyaona yakianguka, nikapita nimeziba pua kwa sababu ya vumbi. Sasa pana ghorofa la vioo vya buluu, ukuta unashuka moja kwa moja mpaka barabarani, barza hakuna. Jua la Oktoba lilikuwa linachoma. Nilisimama pale nilipokisia meza ilikaa, nikaifungua picha kwenye simu. Mlinzi akanijia.

"Mama, sogea kidogo. Patron ya nyumba hapendake bantu basimame hapa."

Nikamwonyesha picha, nikamwambia huyu ni baba yangu, alikuwa akifanya kazi hapa hapa. Aliitazama kwa adabu. "Pole, mama," akasema, na mkono wake ukanionyesha barabara. Simlaumu sana, mtoto wa watu, amezaliwa katika mji wa vioo.

Ng'ambo, kwenye duka la pili la Mgiriki, barza bado ipo. Nikavuka, nikaenda kukaa kwenye kivuli ambacho baba hakukikalia hata siku moja.