Injini Niliyomchagulia Shemeji

Nakumbuka siku moja, mwanangu, niliyokaribia kumzamisha dada yangu kwa kupenda sifa.

Nilikuwa kijana wa Mandawa, fundi wa matrekta huko Nachingwea kwenye mashamba makubwa ya karanga. Wenzangu walinisifu mno, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Shemeji yangu Hamisi, mume wa dada Somoe, alikuwa na mashua ndogo ya tanga Lindi, akivusha watu na magunia ya ufuta ng'ambo ya ghuba. Upepo ukikatika, mkondo ulimchukua. Akanitumia salamu: "Shemeji, nitafutie injini ya kulisaidia tanga."

Sikwenda kwanza kuiona mashua. Nilipata injini kuukuu ya pampu ya maji, chuma kitupu, wanaume wanne kuibeba. Nikaifikisha Lindi, nikaifunga mwenyewe kule nyuma pamoja na panga la kusukumia maji. Hamisi akaitazama, akasema taratibu, "Shemeji, mbona mashua imekaa kitako, nyuma imezama?"

"Wewe unajua tanga," nikamjibu, "mimi najua injini."

Tukaondoka. Somoe naye, mjamzito wa miezi saba, akapanda, akitaka kuona kazi ya kaka yake. Injini ilinguruma, nami nikavimba kichwa. Tulipofika katikati, wimbi dogo tu likapanda nyuma, maji yakaingia, injini ikazima. Somoe akawa anayachota kwa sufuria. Mimi, fundi mzima, nimeduwaa na spana mkononi.

"Njooni mbele!" Hamisi akaita. Uzito wetu ukainyanyua nyuma kidogo, naye akapiga kasia mpaka pwani. Hakunilaumu. Laiti angenilaumu!

Niliporudi Nachingwea nikamweleza msimamizi wangu, Mzee Nambunga, mtu wa Ruponda. Hakucheka.

"Ulimuuliza shemeji yako upepo humkatikia kwa muda gani?"

"Hapana, mzee."

"Mafuta atayapata wapi? Ikiharibika, nani ataitengeneza nawe uko huku?"

Akatikisa kichwa.

"Basi injini hiyo ulijichagulia wewe."

Maneno yale yaliniuma, lakini yalinisimamisha. Nikarudi Lindi, nikashinda siku tatu ndani ya mashua, nikiuliza na kupima. Kuuliza si ujinga. Tukachagua injini ndogo ya kutundika nyuma, mtu mmoja anaimudu, na mafuta yake yanapatikana palepale mjini. Nikawafundisha Hamisi na Somoe kusafisha plagi. Kasia hatukulitoa. Mashua ile ilivusha watu miaka mingi, na mtoto aliyekuwa tumboni siku ile akaja kuwa nahodha wake.

Aisifuye mvua imemnyea, mwanangu, nami nilinyewa. Ukiombwa msaada, tangulia kukaa kwenye chombo cha mwenzako ujue kinavyoelea, ndipo ulete ujuzi wako. Na msaada wenyewe uwe mwepesi, aweze kuubeba hata siku ambayo wewe haupo.

Mungu akujalie mikono hodari na masikio mapana, na kila utakayemshika mkono afike kwake salama. Amina.