Kitenge cha Mama Ndani ya Mfuko wa Kukimbia

Redio ilitangaza kwamba hii ndiyo miezi ya mwisho ya vita. Nilifurahi, kama nilivyofurahi mara tatu zilizotangulia. Mlangoni kwetu, kama kwa kila jirani hapa Bukavu, kulikuwa na mfuko wa kukimbia nao: sufuria, unga, vyeti vya shule na kitenge kizuri cha mama yangu. Nilihesabu vitu mara mbili, kisha nikaushona mdomo.

Jumamosi mama alikuja na kisu. Kesho yake binti yangu mchanga alikuwa abatizwe.

"Papa," akaniita, kama akina mama wa huku wanavyowaita wana wao, "fungua. Siwezi enda ku kanisa na nguo ya shamba."

"Mama, risasi zikilia tutakimbia na nini?"

"Na miguu. Redio imesema vita iko inaisha."

"Ilisema vile mara ingine, na kesho yake tulikimbia."

Tukapatana kama sokoni. Nilidai wiki mbili za kimya, yeye akatoa usiku mmoja. Usiku ukapita bila mlio, nikafungua alfajiri, naye akavaa bila kupiga pasi, maana muda wa pasi haukuwa kwenye mapatano.

Kanisani niliona aibu, hadi nilipotazama akina mama wa safu ya mbele. Migongoni, vitenge vyao vyote vilikuwa na mikunjo ileile ya kukaa mfukoni. Nilihesabu tena, hakukosekana hata mmoja.

Mama akaninong'oneza, "Unaona? Wote wameamini redio."

"Ndiyo, mama. Mpaka misa iishe."