Chumvi ya Matete

Vita vya Maji Maji vilipokwisha, wanaume wa Lipangalala walirudi mmoja mmoja. Wa kwangu hakurudi. Mwenzake aliniletea kidonge cha madini, cheusi, alichokiokota kwenye majivu ya kibanda walimokuwa wakilala, ambacho askari wa Wajerumani walikichoma. Mume wangu alivaa bangili ya fedha. Kidonge kikiwa fedha, basi amekufa. Kikiwa risasi ya bunduki iliyoyeyuka, hakuna ajuaye. Mimi nilitaka kujua. Kukaa si mke, si mjane, kulinichosha kuliko njaa.

Nilikipeleka kwa padri wa misheni, mama mkwe akinifuata huku ananung'unika kwamba mwanawe yu hai. Padri alikata kipande, akakiyeyusha katika maji makali yanayounguza vidole.

“Nikitia chumvi patatokea weupe,” akasema. “Weupe wa risasi huyeyuka kwenye maji ya moto. Wa fedha hauyeyuki.”

Chumvi yake ilikuwa imekwisha. Mama mkwe akamtolea ya kwetu, tunayoichuja kwenye majivu ya matete. Maji yakatoa povu, weupe ukashuka. Padri akachemsha. Ukabaki pale pale.

“Pole, mwanangu,” akasema.

Nilinyolewa siku hiyo hiyo. Wanawake wakajaa nyumbani, wakalala nami mikekani, wakanilazimisha uji. Nisiseme uongo: nililia mpaka sauti ikakauka, ila moyo ulitulia. Nilikuwa na watu.

Matanga hayajaanuliwa, padri akaja anahema. Lile povu lilikuwa limemsumbua. Majivu ya matete, alisema, yana chumvi nyingine ndani yake, nayo huishika risasi ikagoma kuyeyuka. Sasa alikuwa amepata chumvi ya pwani, akarudia kazi yake mbele yetu, kwenye mafiga yangu. Weupe ukashuka. Maji yakachemka, weupe ukatoweka wote.

“Si fedha.”

Mama mkwe akapiga vigelegele. “Si nilisema mimi! Mwanangu yu hai! Mnamlilia nani hapa? Inukeni!”

Padri alijaribu kueleza kwamba risasi haijui nani mzima, nani maiti. Nani angemsikiliza? Wanawake walikunja mikeka wakicheka, wakanipa mkono, “Hongera, dada,” kisha kila mmoja akashika njia ya kwake. Nikabaki na kipara changu mlangoni. Kwa kuwa sikuwa na msiba tena, hakuna aliyeona sababu ya kukaa nami.