Maparachichi ya Mama Makambako

Mama alikata milanzi ya marehemu baba, akapanda miparachichi. Kwa kosa hilo baba mdogo akaacha kukanyaga kwetu, maana ile mianzi ndiyo iliyonywesha ukoo mzima pombe ya ulanzi kila masika. "Tutaona kama parachichi linagemwa," alimwambia mbele za watu. Kwa hiyo mavuno ya kwanza yalipokomaa, niliacha cherehani yangu mjini, Mjimwema, nikaenda kijijini, jirani na misheni, nimsindikize Mama kuyapeleka Makambako kwa wanunuzi wanaosafirisha Ulaya. Yakikubaliwa, baba mdogo atanyamaza. Yakikataliwa, Mama atasemwa mpaka kaburini.

Alfajiri nilikuta kreti barazani, maparachichi yanang'aa kama viatu vya komunyo ya kwanza. Ameyaosha kwa sabuni, akayafuta moja moja kwa kitenge.

"Mgeni wa Ulaya nimpe kitu kichafu?" alisema.

Nami nikamsifu. Jamani, nikamsifu!

Njiani ukungu ulikuwa mzito, na Mama alijifunika blanketi kiti cha mbele cha kirikuu, kigari cha mizigo tulichokodi. "Hiyo bandari ya Makambako ina meli?"

"Ni bandari kavu, Mama."

"Kavu vipi? Meli zinatembea kwenye vumbi?" Dereva alicheka mpaka akapunguza mwendo.

Makambako nilishika mdomo. Niliyoiacha mimi, nilipokuwa najifunza ushonaji pale, ilikuwa njia panda, stesheni ya reli na mahindi ya kuchoma. Sasa pale nilipokuwa nachuma mboga kuna yadi ya makontena, yamepandishana hadi jua halionekani. Maghala kila upande, misumeno ya mbao inalia, malori yamepanga foleni nisiyouona mwisho wake. Treni ya mizigo ikapiga honi, nikaruka. Yesu na Maria, Dar es Salaam imehamia lini kwenye baridi hii?

Mama aliangalia kushoto na kulia. "Mizigo wameleta," alisema, "maji wamesahau."

Kwenye ghala la matunda tulipokelewa na binti aliyevaa koti jeupe na buti.

"Kamwene, mama," alisalimu.

"Kamwene, mwanangu."

Akachukua parachichi, akaligeuza. Akachukua la pili, la tatu, kisha akafungua kreti ya chini kabisa. "Mama, vikonyo viko wapi?"

"Nimeving'oa vyote. Vilikuwa vinaharibu sura."

Binti alivua glovu. Akaeleza polepole kwamba kikonyo, kile kijiti kinachoshika tunda mtini, kikitoka hubaki kidonda, na kidonda hicho huozesha tunda kabla meli haijafika. Kuosha nako kumezidisha ubaya. "Siku ya mafunzo hukuwepo?"

"Nilikuwa msibani."

Kreti zote zikakataliwa. Zote! Nikamvaa yule binti kwa maneno ambayo siyaandiki hapa, mpaka Mama akanivuta mkono. "Nyamaza wewe. Kwani kasema uongo?"

Nje, Mama aliomba kreti zishushwe kando ya foleni ya malori. Madereva walikuwa wamekaa chini ya matela, wanapika ugali.

"Unaelekea wapi, baba?" alimuuliza wa kwanza.

"Zambia."

"Chukua haya. Na wewe?"

"Lubumbashi, mama."

"Haya, chukua."

Nilishindwa kuvumilia. "Mama, unagawa jasho lako bure!"

"Yaoze nikiwa nayatazama?" Akaendelea kugawa, akimuuliza kwanza kila dereva anakokwenda.

Jioni tulimkuta baba mdogo ameketi kwenye ngazi zetu, yeye aliyeapa hatakanyaga. Akachungulia kreti tupu. "Ehe, shemeji! Yamefika Ulaya?"

Nikatamani ardhi inimeze. Mama alishuka taratibu, blanketi begani.

"Yamekwenda Zambia na Kongo," alisema. "Ya Ulaya bado yako mtini."

Nilipigwa na butwaa: hakuna neno la uongo hapo! Nyuma ya jiko kweli upo mti mmoja aliouacha kwa kuwa matunda yake yalichelewa kukomaa. Baba mdogo akainuka, akaenda zake.

Ndani ndipo Mama alipokaa akalia, viatu bado mguuni. Nikakaa naye. Nilikuwa nimekwenda kushangaa mji uliokua, kumbe mji huo unatupima kwa kijiti kidogo kuliko kidole, na asiyeambiwa hurudi na kreti tupu.

Alipomaliza alijifuta kwa kile kile kitenge. "Ule mkasi wako umekuja nao?"

Mkasi wangu wa vitambaa siruhusu ukate hata karatasi. Hata mume wangu haugusi.

"Nipe," alisema. "Ya huu mti wa nyuma nataka niyakate na vikonyo vyake, nisiyachume kwa mkono."

Nikampa.