Sarafu Yenye Uso wa Mshairi

Dada yangu alifia uzazini nikiwa kidato cha tatu, tukamzika kihambani, kwenye shamba la ukoo, kati ya migomba na mibuni iliyokwisha kuzeeka. Mbele za watu nilishindwa kulia. Nikaandika shairi, nikampa mwalimu wetu wa Kiswahili anisahihishie vina, maana Kibosho nzima ilimsifu kwa ushairi.

"Limepwaya," aliniambia. "Liache kwangu."

Miezi ikapita. Jioni moja tukimenya ndizi jikoni, redio ikatangaza mshindi wa mashindano ya mashairi, kisha shairi lenyewe likasomwa. Mama akaweka kisu chini. Lilikuwa langu, hata kitenge cha dada chenye maua ya njano kilikuwamo. Lakini jina lililotajwa lilikuwa la mwalimu. Zawadi ilikuwa sarafu ya fedha ya kumbukumbu, yenye uso wa marehemu mshairi mashuhuri ambaye beti zake tulizikariri tangu shule ya msingi.

Nilipomfuata ofisini alicheka. "Nani atakuamini wewe?"

Miaka mingi aliitoa ile sarafu mfukoni kwenye kila harusi na kila kipaimara, watu waiguse. Nami chuki yangu niliifuga kama tunavyofuga ng'ombe wa ndani, nikiikatia majani kila siku.

Alipostaafu, akaandaliwa sherehe kwenye ukumbi wa parokia. Wakati huo nilikuwa mtangazaji mjini Moshi, katika mojawapo ya redio za watu binafsi zilizoanza kuchipuka, wakaniomba niwe mshereheshaji. Nilikubali upesi. Mama nikamkalisha kiti cha mbele.

"Shikamoo, mwalimu," nilisema kwenye kipaza sauti.

"Marahaba, mwanangu."

Nikalisoma lile shairi la sarafu lote, taratibu. Watu wakapiga makofi. Nikamsogezea kipaza sauti.

"Mwalimu, huyu dada yako aliyezikwa na kitenge cha maua ya njano, kaburi lake liko wapi? Tungependa kulipelekea maua."

Kila mtu pale alijua kwamba mwalimu kwao alizaliwa peke yake.

Mama akasimama. "Liko kwangu. Kitenge hicho nilimvika mimi."

Mke wa mwalimu akainamisha kichwa. Ningeweza kumwokoa mwalimu kwa kuagiza muziki. Sikuagiza. Nilimshikia kipaza sauti mdomoni mpaka jasho likamchuruzika kwenye tai, na niliona raha.

Wiki ile ile alipanda kwetu kwa miguu, sarafu ameifunga kwenye leso. Kwetu hata adui hupewa kigoda na kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi. Sikumpa. Alisimama mlangoni, mvua ikimnyeshea.

"Nisamehe, mwanangu."

"Mpe mama."

Mama aliipokea, akautazama ule uso wa mshairi kwa muda. "Huyu hana kosa," alisema, akaingia nayo ndani. Nikafunga mlango.

Mwalimu alipofariki, familia yake iliomba nitangaze msiba redioni. Nilitangaza kama ninavyowatangazia wengine: jina, mahali, saa ya mazishi. Ushairi sikuutaja.