Mtambo Usiokosea, na Mama Asiyejua Kwa Nini

Mama Funguo amesimama mbele ya meza ya maabara, bisibisi mkononi. Wanafunzi wamemzunguka kama ndugu wa mgonjwa wanaosubiri daktari atoke chumba cha upasuaji.

Mezani kuna roboti yenye ukubwa wa katoni ya sabuni. Mgongoni imebeba mtambo wa manati: mkono wa bomba jepesi, kikombe cha plastiki kwenye ncha, na vipande vya tyubu ya baiskeli vya kuuvuta. Mota inaurudisha mkono nyuma, gia inauachia, na mpira wa tenisi unaruka hadi kwenye ndoo iliyo upande wa pili wa chumba.

Haukosi. Shida ni kwamba hakuna anayejua kwa nini.

“Nikifungua, huenda nikauua,” anasema. “Nisipofungua, kwenye fainali ya mashindano ya roboti tutasema nini? Wewe mwandishi ungefanyaje?”

Mwandishi wa makala haya analiandika swali hilo daftarini.

Mama Funguo, jina alilopewa kwa sababu ya rundo la funguo linalolia kiunoni mwake, ni mtunza maabara wa shule hii ya sekondari. Kazi yake ni kuosha vyombo vya majaribio na kufunga mitungi ya gesi. Yeye mwenyewe aliacha shule kabla ya kumaliza sekondari.

Mwalimu wa fizikia, aliyeanzisha klabu ya roboti, alihamishwa katikati ya muhula. Mkuu wa shule hakuzungukazunguka. “Ufunguo wa maabara unao wewe,” alimwambia, “basi klabu ni yako.”

“Nilidhani ananitania. Nikangoja acheke. Hakucheka,” anasimulia. Mshahara haukuongezwa hata senti.

Mkono wa kwanza waliutengeneza kwa mbao, ukavunjika. Wa bomba ukadumu, lakini ukawa na mambo yake. Hata walipoweka kila kitu palepale, mpira ulikwenda ulikotaka.

“Siku moja ulidunda darini ukamshukia mkuu wa shule utosini. Na alikuwa amesimama nyuma yetu!”

Wiki ya mchujo, akiwa anafuta meza, kiwiko chake kiliusukuma mtambo. Ukaanguka kwenye sakafu ya saruji, puu!

“Nikasema, mwanamke, umewamaliza watoto wa watu.”

Alimwita nahodha wa timu, msichana asiyependa maneno mengi, akamweleza huku akilia. Nahodha akautazama mtambo, kisha akamtazama yeye.

“Mama, usilie. Kwani ulikuwa unafanya kazi?”

Wakauinua wajue kilichokufa ni kipi. Mpira wa kwanza ukatua ndani ya ndoo. Wa pili ukafuata. Walicheka mpaka wakashika mbavu, halafu kicheko kikakatika. Walianza kuogopa.

Mchujo wakashinda. Jaji mmoja akauliza kwa upole, “Haya, nielezeni. Kwa nini haukosei?” Nahodha akakiri kwamba hawajui. Jaji akawaambia fainali watalazimika kueleza, la sivyo nusu ya alama zitakwenda na maji.

Tangu hapo Mama Funguo hajui ashike lipi. Mumewe, fundi baiskeli, ana msimamo wake: “Mke wangu, kitu kinachofanya kazi hakifunguliwi.”

Nahodha hakubaliani naye. “Mama, ukiharibika njiani itakuwaje? Tutauangusha tena ili upone?”

Maneno hayo ndiyo yanayomfanya apige moyo konde. Anawaamuru waweke alama za chaki kila sehemu, kisha anaitia bisibisi kwenye skrubu na kuizungusha.

Dakika chache baadaye nahodha anapiga ukelele. Kizuizi, kile kibao kinachousimamisha mkono, kimesogea mbele upana wa ukucha kutoka kwenye mkwaruzo wake wa zamani, bila shaka siku mtambo ulipoanguka. Wanakirudisha kilipokuwa zamani: mpira unapiga dari. Wanakisogeza kwenye alama ya chaki: mpira unaingia ndooni. Vigelegele!

Sasa inaeleweka. Mkono ukisimamishwa mapema, mpira unapaa juu. Ukiachwa uende mbele kidogo, mpira unakwenda ndooni.

Lakini furaha haidumu. Mpira mwingine unaingia, unaofuata unapita pembeni. Wanaangalia chaki, haijasogea. Wanajaribu tena, unaingia. Tena, unagonga ukingo na kutoka.

“Jamani,” Mama Funguo anasema, akikaa kwenye kigoda. “Asubuhi nilikuwa sijui kitu, nao haukosi. Sasa nimejua kimoja, umeanza kukosa. Elimu gani hii?”

Wanafunzi wanacheka. Yeye anacheka kidogo, akijifuta jasho kwa pindo la koti lake.

Fainali ni wiki ijayo. Anasema watawaeleza majaji habari ya kizuizi, na watasema waziwazi wasichokijua bado. Ameshamwomba mkuu wa shule kwamba mwalimu mpya wa fizikia akija, yeye naye aruhusiwe kukaa kiti cha nyuma darasani, kazi zake zikiisha.

“Sitaki cheti,” anasema. “Nataka siku moja kitu kifanye kazi, na mimi nijue kwa nini.”

Mwanga wa jua umeanza kupungua dirishani. Nahodha anaanza kukusanya mipira iliyotapakaa sakafuni. “Mama, tufunge?”

“Tufunge nini, na mtambo uko wazi?” anamjibu, na kuivuta taa karibu. “Hebu sasa tuitazame hiyo gia inayouachia mkono.”